Hiroshige, mzima-moto aliyechora mito na mvua ya Japani, akafa na madeni

Mwezi wa kumi mwaka wa 1858, mji wa Edo, ule unaoitwa leo Tokyo, ulikuwa ukizika watu kila siku. Kolera iliingia Japani miezi michache mbele ya hapo kupitia bandari ya Nagasaki, ikafuata njia kuu mpaka Edo, ikaua makumi ya maelfu ya wakaaji. Katika nyumba moja ya mji huo, mzee wa miaka 61, kichwa amekinyoa kama watawa wa Kibudha, aliacha maagizo yake ya mwisho kwa maandishi. Hakuwa na mali nyingi ya kugawia jamaa. Alitaka nyumba iuzwe ili deni lilipwe, na mazishi yake yasiwe ya gharama. Tarehe 12 ya mwezi huo akakata roho.

Jina lake lilikuwa Utagawa Hiroshige. Alikuwa amechora picha zaidi ya elfu tano, na watu wa nchi yake walizinunua kwa miaka karibu thelathini. Leo picha hizo zinatunzwa katika majumba makubwa ya makumbusho ya Tokyo, Paris, London na Boston, kwenye vyumba vyenye mwanga hafifu ili rangi zisififie. Yeye alizichora ziuzwe barabarani, kwa bei ambayo mchuuzi wa samaki aliweza kuilipa.

Urithi wa mtoto wa miaka 12

Edo ilikuwa mji wa mbao na karatasi. Watu karibu milioni moja waliishi humo, na katika mitaa ya raia nyumba ziligusana ukuta kwa ukuta. Jiko moja likipinduka usiku wa upepo, mtaa mzima uliweza kuwa majivu kabla ya asubuhi. Ndiyo sababu ngome ya shogun, yule mtawala wa kijeshi aliyeshika nchi, ilikuwa na vikosi vyake vya kuzima moto, vilivyokaa tayari mchana na usiku.

Andō Gen'emon alifanya kazi katika kikosi kimoja cha namna hiyo, karibu na mfereji wa ngome. Alikuwa wa tabaka la samurai, lakini wa ngazi ya chini kabisa: heshima ya kubeba upanga alikuwa nayo, feza hakuwa nazo. Mwaka wa 1797 alipata mtoto wa kiume, akamwita Tokutarō. Ndiye Hiroshige wetu.

Mwaka wa 1809 ulikuwa mbaya kwa nyumba hiyo. Mama alikufa kwanza. Baba akaachia kazi yake, akamkabidhi mtoto wake, na kabla ya mwaka kwisha yeye pia akafa. Kazi za namna hiyo zilirithiwa kama vile watu wanavyorithi shamba, kwa hiyo mtoto wa miaka 12 akawa mzima-moto wa serikali, na mshahara mdogo wa mtu mzima.

Moto usipowaka, kazi ilikuwa ya kusubiri. Samurai wengi maskini walijaza saa hizo kwa kazi za mikono ili kuongeza chakula nyumbani: mmoja alitengeneza miavuli, mwingine alifuga ndege. Tokutarō alipenda kuchora. Alipofika miaka kama 14 alikwenda kubisha katika atelie ya Utagawa Toyokuni, fundi mwenye jina kubwa kuliko wote kwa picha za waigizaji. Akaambiwa nafasi hakuna, wanafunzi wamejaa. Akaenda kwa Utagawa Toyohiro, mtu mpole, asiyesikika sana, aliyependa kuchora mandhari. Toyohiro akampokea, na mwaka wa 1812 akampa jina la kazi. Sehemu ya kwanza, Hiro, ilitoka kwa mwalimu mwenyewe.

Usidhani alipata sifa mara moja. Kwa karibu miaka ishirini alichora kile ambacho maduka yaliagiza: waigizaji, wanawake warembo, mashujaa wa vita vya zamani. Zilikuwa picha za kawaida, na kusema kweli kama angekufa akiwa na miaka 30 hakuna ambaye leo angemtaja. Mwalimu Toyohiro alipofariki, mwishoni mwa miaka ya 1820, Hiroshige alipewa nafasi ya kurithi jina lake, akakataa. Kazi ya kuzima moto aliiachia jamaa wa ukoo hatua kwa hatua, na mwaka wa 1832 akaiacha kabisa. Kuanzia hapo aliishi kwa kalamu ya manyoya tu.

Mikono minne, jina moja

Ili kuelewa sababu ya mtu huyu kuuza picha nyingi na kubaki bila kitu, lazima kujua jinsi picha hizo zilivyotengenezwa.

Mchoraji alichora mistari kwa wino mweusi juu ya karatasi nyembamba, basi. Karatasi hiyo ilikwenda kwa mchongaji, ambaye aliibandika kifudifudi juu ya ubao wa mti wa mcheri, kisha akachonga kwa kisu akipita juu ya michoro yenyewe, akiacha mistari tu imeinuka. Mchoro wa asili uliharibika hapo hapo. Mtu akiuliza leo picha ya asili ya Hiroshige iko wapi, jibu ni kwamba iligeuka vipande vidogo chini ya kisu.

Baada ya ubao wa mistari, zilichongwa mbao nyingine, moja kwa kila rangi, mara nyingine kumi na zaidi kwa picha moja. Halafu ilikuwa zamu ya mchapaji. Alipaka rangi juu ya ubao, akalaza karatasi yenye unyevu, akaisugua mgongoni kwa kifaa cha mviringo kilichofungwa ganda la mwanzi, akarudia hivyo kwa kila rangi. Alama mbili ndogo zilizochongwa pembeni mwa ubao zilimwonyesha pa kuweka karatasi. Akikosea kwa upana wa unywele, uso wa mtu unatoka nje ya kichwa chake.

Ule mwanga wa jioni tunaouona katika picha za Hiroshige, mbingu yenye giza juu inayofifia polepole mpaka kuwa nyeupe karibu na mlima, haukuchongwa. Mchapaji aliufanya kwa kitambaa chenye maji, akipangusa rangi juu ya ubao kabla ya kila karatasi. Kwa hiyo hakuna nakala mbili zinazofanana kabisa. Nakala za kwanza ndizo nzuri. Mbao zikianza kuchakaa na duka likitaka haraka, mchapaji aliacha kupangusa, na mbingu ikatoka bapa kama ukuta uliopakwa chokaa.

Mtu wa nne alikuwa mwenye duka. Yeye alichagua mada, alilipa wote watatu, alipeleka mchoro kwa wakaguzi wa serikali kugongewa muhuri, na mbao zilizochongwa zilibaki mali yake. Mchoraji alilipwa mara moja kwa kila mchoro. Duka likiuza nakala mia mbili au maelfu, malipo yake yalikuwa yale yale. Na mnunuzi alilipa kidogo tu, bei iliyokaribia ile ya bakuli moja au mawili ya tambi.

Rangi kutoka mbali

Mwaka wa 1831 hivi Hiroshige alitoa picha kumi za mji wake mwenyewe, Edo: mvua ya usiku, mwezi juu ya mto Sumida, theluji, watu wachache wanaopita. Ndani yake kulikuwa na kitu kipya, buluu nzito na safi ambayo haikuonekana zamani katika picha za namna hiyo.

Rangi hiyo iligunduliwa Berlin, Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 18. Japani ilikuwa imejifunga; ilifanya biashara na Waholanzi na Wachina kule Nagasaki, chini ya macho ya serikali. Buluu ya Berlin ilikuja kwa njia hiyo, kwanza kwa bei kubwa, halafu, karibu na mwaka wa 1830, bei ikashuka na wenye maduka ya picha wakaanza kuinunua. Buluu za zamani zilitoka kwenye mimea na nyingine zilififia upesi. Hii mpya ilikaa. Tena ilikubali kupanguswa, ikitoka giza la kina cha maji mpaka weupe wa ukingo bila kuacha doa.

Hokusai, mzee aliyemzidi Hiroshige kwa miaka 37, aliitumia kwa mlima Fuji na kwa lile wimbi lake ambalo dunia yote inalijua. Hiroshige hakuwa na nguvu za Hokusai za kushtua macho. Alichukua rangi hiyo hiyo akaipeleka kwenye mito, kwenye mvua na kwenye jioni ya watu wanaorudi nyumbani.

Njia ya mashariki

Kati ya Edo, makao ya shogun, na Kyoto, makao ya mfalme, ilipita njia kubwa iitwayo Tōkaidō. Ilikuwa na urefu wa karibu kilometa 500 kando ya bahari, na vituo 53 vya kulala, kula na kubadilisha farasi. Msafiri wa miguu aliimaliza kwa wiki mbili hivi. Wakubwa wa majimbo walilazimishwa na shogun kukaa Edo kwa zamu, kwa hiyo misafara yao ilipita humo kila mara na mikuki, masanduku na tipoyi. Nyuma yao walikuja wachuuzi, mahujaji, wapagazi na watu waliotaka tu kuona dunia.

Inasimuliwa kwamba mwaka wa 1832 Hiroshige alijiunga na msafara wa serikali uliopeleka farasi kwa mfalme kule Kyoto, akachora njiani. Baadhi ya wataalamu wanapinga, wakionyesha kwamba picha zake kadhaa zimechukuliwa kutoka kitabu cha wasafiri kilichochapwa mwaka ule ule aliozaliwa. Inasimuliwa pia kwamba mke wake wa kwanza aliuza nguo zake na vichana vyake ili apate feza za safari. Katika familia ile, habari hiyo haishangazi.

Kilicho hakika ni matokeo yake. Katika miaka ya 1833 na 1834 mwenye duka Takenouchi Magohachi, ambaye alikuwa mgeni katika biashara hiyo, alitoa picha 55 za Hiroshige: vituo vyote 53, pamoja na daraja la kuondokea Edo na lile la kufikia Kyoto. Watu walizinunua kwa maelfu, na mzima-moto wa zamani akawa mtu wa kujulikana nchi nzima.

Picha ya kwanza inaonyesha daraja la Nihonbashi alfajiri. Msafara wa mkubwa unapanda daraja, lakini mbele ya picha ni wauza samaki na vikapu vyao, wamesogea pembeni. Penye kituo cha Shōno mvua inashuka mshazari, mianzi imeinama, na wapagazi wa tipoyi wanakimbia kwenye mteremko huku abiria wao amejifunika ndani. Penye Kanbara ni usiku wa theluji nzito, watu watatu wanapita bila sauti. Kanbara iko pwani yenye joto, na theluji ya namna ile si ya kawaida pale. Hiroshige aliileta mwenyewe, na hakuna mnunuzi aliyerudisha picha dukani.

Mto usio na daraja

Mimi ningechagua picha za mito kuliko zote, hasa zile mbili za mto Ōi.

Mto huo ulikata njia ya Tōkaidō kati ya vituo vya Shimada na Kanaya. Ulikuwa mpana na wenye mkondo mkali, na serikali ilikataza kujenga daraja na kuweka mitumbwi ya kuvusha watu. Sababu inayotajwa kila mara ni ulinzi: jeshi la adui lisiweze kuifikia Edo kwa urahisi. Basi kila mtu, tajiri au maskini, alivushwa na binadamu. Mamia ya wavushaji waliishi pande zote mbili kwa kazi hiyo. Mwenye feza kidogo alipanda mabegani mwa mtu mmoja. Mwenye uwezo alikaa juu ya jukwaa la mbao lililobebwa na wanaume kadhaa. Mkubwa alivushwa ndani ya tipoyi yake, tipoyi ikiwa juu ya jukwaa, na jukwaa juu ya vichwa na mabega ya watu.

Bei ilipangwa kila siku kwa kupima maji yalipofika kwenye mwili wa mvushaji: mapajani, kiunoni, kifuani. Maji yakipanda zaidi, mto ulifungwa. Wasafiri walikaa siku nyingi katika nyumba za wageni wakila akiba yao, na wenye nyumba hizo hawakuombea mto ushuke upesi.

Hiroshige aliuchora mto huo kana kwamba amesimama juu ya kilima. Mchanga umekaa kama mikeka mikubwa, maji ya buluu yanapita katikati, na watu wamekuwa wadogo kama sisimizi: mizigo ya mkubwa, mikuki yake, tipoyi yake. Kwa umbali ule huwezi kutambua nani ni bwana na nani ni mtumishi. Unaona tu nani amebebwa na nani amelowa. Penye kituo cha Fuchū, kwenye mto Abe, alisogea karibu. Mwanamke amekaa ndani ya tipoyi, na wanaume walio karibu uchi wanapambana na mkondo chini yake. Mchoraji amewatazama wavushaji kwa uangalifu ule ule aliompa abiria wao.

Wachoraji wa mbele yake walikuwa wamechora watu wa kazi pia, lakini biashara kubwa ya picha ilikuwa sura za waigizaji na makahaba mashuhuri. Hiroshige aliweka mvushaji, mpagazi na mchuuzi katikati ya karatasi, na watu wa mjini wakatoa feza kuwanunua.

Mwaka wa 1834 hivi alichora pia mto Yodo, ulioiunganisha Kyoto na Osaka. Ni usiku, mwezi umejaa. Mashua ndefu ya abiria imesheheni watu waliobanana chini ya mikeka, na ndani yake mama ananyonyesha mtoto. Kando yake umekuja mtumbwi mdogo wa wauza chakula, moshi unatoka jikoni humo humo ndani ya mtumbwi. Wachuuzi hao walisifika kwa maneno makali. Walimkaripia abiria anunue kana kwamba wamemfanyia hisani. Aliyewahi kulala safarini juu ya maji hahitaji kuelezwa picha hiyo.

Safari, pombe na madeni

Sifa ilileta kazi nyingi, na kazi nyingi zilileta picha hafifu. Tuseme ukweli: Hiroshige alirudia njia ya Tōkaidō zaidi ya mara kumi kwa maduka mbalimbali, na kuna karatasi zake ambazo zinanuka haraka ya mtu anayesubiri malipo. Alipolipwa kwa kila mchoro, njia pekee ya kupata zaidi ilikuwa kuchora zaidi.

Mwishoni mwa miaka ya 1830 mke wake alikufa. Mwaka wa 1845 alifiwa na yule aliyekuwa amerithi kazi ya kuzima moto. Alioa tena, mwanamke aitwaye Oyasu, na nyumba ikawa na binti aitwaye Tatsu.

Kutoka kwenye safari zake kumebaki daftari chache. Mwaka wa 1841 alikwenda jimbo la Kai, ambako wafanyabiashara wa Kōfu walimwita kuchora mapazia ya sikukuu yao. Anayetafuta humo mawazo makubwa juu ya sanaa atakata tamaa. Hiroshige aliandika alichokula, nyumba gani ya wageni ilikuwa chafu, nani alikutana naye barabarani, na pombe ya mchele aliyokunywa, ambayo haikuwa kidogo.

Mwaka wa 1842 serikali ilikaza kamba. Katika kupiga vita anasa, ilikataza picha za waigizaji na makahaba. Mito na milima haikumtisha mkaguzi yeyote, na wachoraji wengine wakamfuata Hiroshige katika mandhari.

Karibu na mwaka wa 1850 alipata agizo la ajabu. Jimbo dogo la Tendō, kaskazini, lilikuwa limezama katika madeni. Wakubwa wake walikuwa wamekopa kwa wafanyabiashara na wakulima matajiri, na hawakuwa na cha kuwalipa. Wakamwomba Hiroshige achore picha za mkono juu ya hariri, mbilimbili, idadi kubwa, ili wakopeshaji wapewe kama shukrani. Mchoraji aliyekufa akidaiwa alitumiwa kutuliza madeni ya wengine.

Baada ya tetemeko

Usiku wa tarehe 11 Novemba 1855 ardhi ilitetemeka chini ya Edo. Nyumba ziliporomoka, halafu moto ukaja, ule moto ambao Hiroshige aliujua tangu utoto. Maelfu ya watu walikufa. Mnara wa hekalu la Asakusa ulibaki umesimama, lakini ncha yake ya chuma ilipinda, na watu wakawa wanainua macho kuitazama kila siku.

Mwaka uliofuata, 1856, Hiroshige alinyoa kichwa akawa mtawa wa Kibudha, kama wazee wengi walivyofanya walipofika miaka 60 kwa hesabu ya Kijapani. Hakuacha kuchora. Mwaka huo huo alianza na mwenye duka Uoya Eikichi kazi kubwa ya mwisho, picha za mahali maarufu pa Edo. Waliahidi mia moja. Mkono wake ukafikisha 118.

Mji uliokuwa bado unafagia vifusi ulionyeshwa ukiwa mzima. Mnara wa Asakusa alioutoa mwaka wa 1856 una ncha iliyonyooka, na ndivyo ilivyokuwa: ilikuwa imetoka kutengenezwa. Anayenunua picha ile alinunua pia habari ya siku hizo.

Safari hii aligeuza karatasi ikasimama wima, akaweka vitu karibu mno na macho. Kwenye kivuko cha Haneda humwoni mvushaji; unaona miguu na mikono yake yenye manyoya tu, na maji ya bahari kati yake. Kwenye kituo cha Shinjuku mbele yako ni makalio ya farasi na kinyesi chake, na barabara inaendelea nyuma. Kwenye mtaa wa wapaka rangi wa Kanda, vitambaa virefu vinaning'inia mbinguni na mlima Fuji unachungulia katikati. Kwa mkaaji wa Edo hayo yalikuwa mambo ya kila siku, ila hakuna aliyekuwa amethubutu kuyaweka mbele hivyo.

Mwaka wa 1857 alichora daraja la Shin-Ōhashi juu ya mto Sumida wakati mvua ya ghafla imepiga. Juu ni wingu jeusi. Mvua ni mistari myembamba mno, na mchongaji alilazimika kuacha kila mstari umeinuka kama uzi kwenye mbao, bila kuvunja hata mmoja. Watu wanavuka mbio: wawili watatu chini ya mwavuli mmoja, mwingine amejifunika mkeka. Chini, mtu mmoja peke yake anasukuma magogo yake kwa upondo kwenda na maji. Yeye hana mahali pa kujikinga, wala haonekani kuwa na haraka.

Jina lililobaki

Kolera ilipomkuta, au ugonjwa wowote uliomkuta mwaka ule (wengi wanaoandika maisha yake wanataja kolera), mfululizo huo ulikuwa bado unatoka. Alizikwa katika hekalu la Tōgakuji, Asakusa. Kunisada, mchoraji mwenzake aliyechuma kuliko yeye, alichora picha ya kumkumbuka, kichwa kimenyolewa, rozari mkononi, amekaa kwa utulivu.

Jina la Hiroshige lilibaki mali ya nyumba. Mwanafunzi wake Shigenobu alimwoa binti Tatsu akaitwa Hiroshige wa pili. Ndoa ikavunjika mwaka wa 1865 hivi, naye akahamia Yokohama, bandari iliyokuwa imefunguliwa kwa wageni, akachora karatasi za kubandika kwenye makasha ya chai ya kupeleka ng'ambo. Watu wakamwita Hiroshige wa makasha ya chai. Tatsu akaolewa na mwanafunzi mwingine, akawa Hiroshige wa tatu, ambaye alichora magari-moshi na majumba ya matofali ya Tokyo mpya.

Wakati huo picha za mzee zilikuwa zikisafiri. Kule Paris mtu aliweza kuzipata kwa bei ndogo, na Claude Monet, mchoraji Mfaransa, alijaza kuta za nyumba yake ya Giverny kwa picha za Kijapani. Mholanzi asiye na feza, Vincent van Gogh, alinunua mamia pamoja na ndugu yake Theo katika majira ya baridi ya 1886 na 1887. Alizitundika katika mkahawa mmoja akitumaini kuziuza, biashara haikwenda.

Mwaka huo wa 1887 akachukua ile picha ya mvua juu ya daraja, akainakili kwa rangi za mafuta, akikaza kijani na buluu kuliko mchapaji yeyote wa Edo. Nafasi iliyobaki kandokando ya turubai aliijaza maandishi ya Kijapani aliyoyanakili kutoka karatasi nyingine. Hakuweza kusoma hata moja. Turubai hiyo iko leo Amsterdam, katika jumba lenye jina la van Gogh, na katikati yake yule mtu wa magogo bado anasukuma upondo.